Picha za Pwani na Watu Niliowaacha Nje

Ninazo picha zaidi ya mia sita za mashamba, vijiji na fukwe, nilizozipiga kati ya mwaka 1972 na 2009. Katika nyingi ya picha hizo hakuna mtu hata mmoja. Kwa muda mrefu nilijivunia jambo hilo. Mgeni akija nyumbani nilimfungulia albamu, na akisema, "Mwalimu, mbona hapa pametulia hivi?" nilifurahi moyoni kama mwanafunzi aliyepewa alama zote. Katika kurasa hizi nataka kueleza kwa nini nilijivunia, na kwa nini siku hizi sijivuni tena.

Nianze mbali kidogo, kama ilivyo desturi ya mwalimu wa historia. Sanaa ya kupiga picha ilitangazwa hadharani huko Paris mwaka 1839, na haikuchukua muda kufika pwani yetu. Nahodha Mfaransa, Charles Guillain, aliyezunguka pwani ya Afrika Mashariki kati ya mwaka 1846 na 1848, alikuwa na kamera ya aina ile ya kwanza, iliyopiga picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Michoro iliyotokana na picha zake ilichapishwa pamoja na vitabu vyake. Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyekuwa akijiandaa kwenda bara pamoja na Speke kutafuta chanzo cha Nile, alipiga picha Unguja. Safarini aliiacha kazi hiyo akashika penseli.

Simlaumu. Siku hizo picha ilipigwa juu ya bamba la kioo lililopakwa dawa, na bamba hilo lilipaswa kupakwa, kupigwa na kusafishwa kabla dawa haijakauka. Mpiga picha alihitaji hema la giza, machupa ya dawa, maji safi na wapagazi wa kubeba vyote hivyo. Anayelijua joto la pwani anaweza kukisia dawa hiyo ilikauka upesi kiasi gani. Mambo yalianza kuwa mepesi yalipokuja mabamba makavu katika miaka ya 1870, na zaidi mwaka 1888, George Eastman wa Marekani alipouza kamera ya Kodak yenye mkanda wa picha 100.

Hapo Unguja palikuwa na studio tangu karne ya 19. Familia ya Gomes, Wagoa, ni miongoni mwa waliotangulia, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio. Bara, mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwako Mjerumani Walther Dobbertin, aliyepiga picha nyingi za nchi hii hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapiga picha hawa waliuza mandhari kwa wasafiri: bandari, minazi, jahazi lililotweka tanga. Hawakudhani kwamba walikuwa wakiandika historia. Lakini chukua picha za ufukwe wa mji wa Unguja zilizopigwa kabla ya Agosti 1896, uziweke kando ya zile zilizopigwa baada ya mwezi huo. Katika zile za kwanza utauona mnara umesimama mbele ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Katika za pili mnara huo haupo tena mahali pake, kwa kuwa mizinga ya manowari za Waingereza iliupiga tarehe 27 Agosti 1896. Na sehemu ya jumba lenyewe ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo hata picha za watalii za mwaka 2019 nazo zimekwisha kuwa za historia.

Mandhari, basi, huonekana kama kitu kisichobadilika, lakini hubadilika. Jambo hili nililifundisha darasani miaka mingi kabla sijalielewa.

Kamera yangu ya kwanza niliipata mwaka 1972, nikiwa mwanachuo wa ualimu. Ilikuwa Lubitel ya Kirusi, iliyokwisha kutumika. Mkufunzi mmoja aliyekuwa akihama aliniuzia kwa malipo ya kidogo kidogo. Hukuiweka jichoni. Ulitazama kwa juu, kwenye kioo kidogo, na kila kilichokuwa kulia kilionekana kushoto. Ukitaka kumfuata mtu anayetembea, mkono wako ulikwenda upande usiofaa. Mkanda wake ulikuwa na picha 12 tu. Sababu moja ya kupenda miti na mawe kuliko watu ilikuwa hiyo: mti haukukimbii, na picha 12 hazikuruhusu makosa.

Sababu ya pili ilikuwa woga. Mwaka 1974 nilisimama karibu na gati nikipiga picha ya mashua zikiingia na maji kujaa. Vijana wawili wenye sare walinishika begani. Miaka ile vita vya ukombozi vilikuwa vikiendelea kusini mwa mpaka wetu, na mtu mwenye kamera karibu na bandari au daraja alitiliwa shaka. Walinipeleka kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Nikaulizwa nimetumwa na nani. Nilikaa kwenye benchi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, mpaka mkuu wangu wa shule alipokuja kunidhamini. Kamera nilirudishiwa. Mkanda ulitolewa mbele ya macho yangu ukaanikwa juani kama ng'onda. Tangu siku hiyo nilitafuta mahali pasipo na gati, pasipo na reli, na ikiwezekana pasipo na mtu wa kuniuliza lolote.

Sababu ya tatu ndiyo inayonisumbua. Nilidhani kwamba picha nzuri ya mandhari ni picha isiyo na watu. Nani alinifundisha hivyo? Nadhani ni kalenda. Kila ofisi ilikuwa na kalenda yenye mlima, ziwa au ufukwe mtupu, na sisi vijana tuliamini kwamba huo ndio uzuri. Mtu akipita na baiskeli nilisubiri apite. Mwanamke akiinama shambani nilizunguka upande wa pili wa mwembe ili asionekane. Nilikuwa na subira ya mvuvi wa mshipi, na subira yote hiyo ilikuwa ya kungojea watu wenye nchi yao watoke katika picha ya nchi yao.

Baadaye, nilipokuwa nikiandaa masomo ya utawala wa Wajerumani, nilikutana tena na amri ya ardhi ya Novemba 1895. Kwa amri hiyo ardhi yote iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani ilifanywa kuwa mali ya dola. Pori lililopumzishwa ili lipate rutuba, malisho ya kiangazi, mahame ambayo wenyewe wangeyarudia: vyote hivyo mgeni angeweza kuviona kuwa ni nchi tupu. Sisemi kwamba picha ndizo zilizonyang'anya ardhi. Nasema kwamba jicho linalopenda nchi tupu lina historia yake hapa kwetu, na mimi nilikuwa nimeliazima bila kujua.

Nikapekua albamu zangu kwa mtazamo huo. Nilikuwa na picha ya mwaka 1976 ya miembe saba mikubwa katikati ya nyasi, mawingu mazuri nyuma yake. Nyuma nilikuwa nimeandika, "Miembe, jioni." Upuuzi gani huo! Miembe haijipangi yenyewe kwa duara. Pale palikuwa na nyumba, na watu wake walikuwa wamehamishiwa kijijini katika ile operesheni ya miaka ya 1973 hadi 1976. Nilifika wakati majivu ya mafiga hayajafunikwa na majani, nikainua kamera juu kidogo ili mafiga yasionekane. Nilikuwa na picha nyingine za mkonge, mistari iliyonyooka hadi upeo wa macho. Zao hilo lililetwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche 1,000 iliyotoka Florida ilipona 62 tu, na hiyo 62 ikawa mama wa mashamba yote. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kisha kamba za nailoni zikaliporomosha soko, na mwishoni mwa miaka ya 1990 hatukufikia hata tani 30,000 kwa mwaka. Mistari yangu ni mizuri sana. Manamba walioikata mikonge hiyo, waliotoka mikoa ya mbali na wengine nchi jirani, hawamo.

Sasa nifike Maziwe, kwa maana ndiko makala hii inakokwenda.

Maziwe kilikuwa kisiwa kidogo cha mchanga mbele ya Pangani, mwendo wa kilomita chache kutoka ufukweni. Kilikuwa na miti, mivinje hasa, na kasa walikuja kutaga mayai hapo. Nilikwenda Februari 1975, wakati wa kaskazi, kwa mashua ya nahodha mmoja aliyekuwa na mtoto katika darasa langu. Tulifika saa 1 asubuhi. Kwa anayepiga picha pwani hiyo ndiyo saa yenyewe, kwani jua letu hupanda upesi, na ikifika saa 4 vivuli vimekwisha na mchanga unaumiza macho. Siku hiyo ilikuwa ya bamvua. Maji yalikuwa yamekupwa mbali sana, na kisiwa chote kilionekana wazi, kuanzia matumbawe hadi vilele vya mivinje.

Kulikuwa na dago. Wavuvi kama kumi hivi walikuwa wamepiga kambi chini ya miti, na vichanja vyao vya kukaushia samaki, na moto. Walinikaribisha uji. Niliunywa, nikawashukuru, kisha nikazunguka upande wa pili wa kisiwa, mahali ambapo dago halikuonekana, nikapiga picha 11. Mivinje, mchanga, alama za kasa aliyepanda usiku, bahari. Nahodha akaniita kwa kuwa maji yalianza kujaa. Mashua ilipokuwa ikisukumwa niliona nimebakiwa na picha moja, na kwa kuwa mkanda hausafishwi mpaka uishe, niliipiga ovyo kuelekea dagoni, nipate kuufunga. Mkanda wenyewe niliuzungusha vibaya, haukukaza, mwanga ukaingia ukingoni. Picha ya 12 ilitoka na utepe mweupe upande mmoja. Ndani yake kuna moshi, vichanja, na mtu mmoja amesimama, mkono mmoja kiunoni, uso wake mdogo kama punje ya mtama. Niliihesabu kuwa imeharibika. Sikuitupa kwa sababu moja tu: mke wangu alikuwa na desturi ya kutotupa kitu, akaziweka negativu zote pamoja katika kopo la biskuti, na mchele uliokaangwa ndani ya kitambaa ili unyevu usizale ukungu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Maziwe ilikuwa imepoteza miti yake yote. Wataalamu wametaja sababu zaidi ya moja, zikiwamo kukatwa kwa miti na bahari kula mchanga. Leo ni fungu, linaloonekana maji yakipwa na kuzama yakijaa. Kasa hawajui habari hiyo. Bado hupanda kutaga, na walinzi huyahamisha mayai hadi ufukwe wa Ushongo, vinginevyo yangeoza chini ya maji.

Mwaka 2014, nikiwa nimekwisha kustaafu, niliombwa kuonyesha picha zangu za zamani kwa wanafunzi wa Pangani. Nilichapisha picha 20 kubwa. Za Maziwe zilikuwa nne, na mjukuu wangu, aliyenisaidia kuchagua, aliitia ile ya 12 kinyume cha ushauri wangu. "Babu, hii ndiyo yenye hadithi," aliniambia. Watu wazima nao walikuja kutazama. Mbele ya mivinje yangu mizuri walisimama kidogo wakapita. Mbele ya picha iliyoharibika palijaa watu. Walibishana kuhusu vichanja, ni mti gani ule, na moshi unaelekea wapi, hivyo upepo ulikuwa upi.

Bwana mmoja wa umri wa miaka 40 na kitu hakubishana. Alisimama hadi wengine walipoondoka, kisha akaniambia, "Shikamoo, Mwalimu. Huyu ni baba."

Nikamwuliza amejuaje. Akasema baba yake alifia baharini mwaka 1977, yeye akiwa na miaka sita. Hakuachiwa picha hata moja. Lakini alikumbuka alivyokuwa akisimama, mkono kiunoni, na alijua kwamba alikuwa akidaga Maziwe kila kaskazi.

Msomaji, niweke mahali pangu. Miaka yangu yote niliwafundisha vijana kwamba ushahidi hautokani na tamaa ya anayeutafuta. Wanaume wanaosimama mkono kiunoni ni wengi. Dagoni walikuwapo watu kama kumi, nami sikumwuliza hata mmoja jina lake. Nilikunywa uji wao. Kama ningeandika majina kumi kwenye daftari, kazi ya dakika tano, ningeweza kumwambia mtu huyu ndiyo au hapana. Sasa sikuwa na la kumwambia. Nilimjibu, "Mwanangu, huenda ni yeye. Mimi siwezi kuthibitisha." Niliona jibu langu lilivyompata, nikatamani ningekuwa mtu wa kazi nyingine.

Akaniomba twende kwa mama yake. Tulimkuta barazani akisuka ukili. Mwanawe akampa picha na kumwonyesha yule mtu. Bibi aliishika karibu na macho, akaiondoa, akaisogeza tena. Sisi wawili tulikuwa tukingoja jambo moja tu. Yeye akasema, "Mtu simwoni vizuri, macho yamekwisha. Hii ndiyo Maziwe?"

Nikamwambia ndiyo, na kwa bahati nilikuwa na zile nyingine tatu katika bahasha. Nikampa. Hizo alizitazama kwa muda mrefu zaidi: mivinje, mchanga, mahali pasipo na mtu. Akaniuliza kina cha maji upande ule, na kama kivuli kilitosha. Kisha akaeleza kwamba wanawake hawakuwa wakienda dagoni. Kwa miaka tisa ya ndoa mumewe alikwenda Maziwe na kurudi Maziwe, na yeye alipasikia tu. Baada ya msiba alidhani siku moja angeomba apelekwe, lakini kisiwa nacho kikaondoka. "Basi palikuwa pazuri," akasema. "Alikuwa akiniambia, nikidhani ananipoza moyo tu."

Nilikwenda nyumbani kwake nikijilaumu kwa kuwaacha watu nje ya picha, na lawama hiyo bado ninayo. Lakini bibi yule alinifunza kwamba hata picha tupu si tupu kwa mwenye kupajua mahali hapo au kupatamani. Utupu ulikuwa machoni mwangu, na katika maandishi yangu ya nyuma: "Mivinje, asubuhi."

Kabla sijaondoka nilichukua kalamu nikaandika nyuma ya ile picha ya 12: Dago la Maziwe, Februari 1975, saa 3 asubuhi, maji yakianza kujaa. Hapo nikasimama. Yule bwana alikuwa akiutazama mkono wangu. Sikuweza kuandika jina la baba yake, kwa kuwa sikulijua kuwa kweli. Wala sikuweza kuandika "mtu asiyejulikana", kwa kuwa nyumbani mule hakuwa hivyo. Nikampa kalamu. Akaandika jina mwenyewe, na chini yake akaandika, "kwa maneno ya mwanawe." Ni mvuvi, hakupita darasa la saba, na sijapata kuona maelezo ya picha yaliyo na uaminifu kuliko hayo. Amesema analoliamini, na amesema ni nani anayesema.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitoa negativu zangu moja moja kwenye kopo la biskuti na kuziandikia. Mahali, mwezi, mwaka, saa, hali ya maji, na majina ya watu ninaowakumbuka, hata kama wako nje ya picha. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kazi ni ndefu na umri umekwenda. Nyingine siwezi kuzitambua kabisa. Ile miembe saba niliirudia mwaka 2016. Imebaki mitatu, na mzee mmoja wa kijiji cha jirani alinitajia kaya zilizokuwa chini yake, moja baada ya nyingine. Nimeziandika zote, na kando yake jina lake yeye aliyezitaja.

Vijana wa leo wana kamera katika simu, na simu huandika tarehe yenyewe. Kwa siku moja wanapiga picha nyingi kuliko nilizopiga mimi kwa mwaka, wala hawaogopi mkanda kuisha. Ninawaonea wivu kidogo. Kwa anayependa mandhari kama mimi, nina ombi moja tu. Ukifika mahali penye uzuri, ukamkuta mtu anapalilia, au anaparua samaki, au amekaa tu, usimsubiri aondoke. Mwamkie kwanza, mwombe ruhusa, mwulize jina lake na jina la mahali pale kwa kinywa chake, kisha ndipo upige. Na ukikaribishwa uji, unywe, lakini usizunguke upande wa pili wa kisiwa.